Kisiwa Kilichofagiwa

Sikuzaliwa kando ya maji. Kwetu ni upande wa Kabambare, penye vilima, na mto wetu mkubwa mbuzi aliuvuka bila kulowesha tumbo. Kwa hiyo haya nitakayosema juu ya Lualaba na kisiwa chake yapokeeni taratibu. Niliolewa tu huko, na mwanamke aliyeolewa mahali hujua jiko lao kabla ya kujua mto wao. Mengi niliyaandika siku zilezile, kwa maana masista waliotufundisha kushona walitufundisha na kuandika, ingawa kidogo kuliko kushona. Nikiyasoma leo naona pengine niliandika kwa hasira, na pengine kwa kicheko. Najaribu kupima sawasawa, lakini mzani wenyewe ni mimi.

Mume wangu alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni ya Leta. Leta ndilo jina tulilowapa Wabelgiji na serikali yao yote, kuanzia mkubwa wao mpaka mhuri wao. Nyumba hiyo ilikuwa katika mji wetu mdogo kando ya Lualaba, kati ya Kasongo na Nyangwe. Kazi ya mume wangu ilikuwa kufungua madirisha wazungu wakija na kuyafunga wakiondoka. Mimi niliosha vyombo na mashuka. Mshahara ulikuwa wake, ndoo ilikuwa yangu. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana mara nyingine alinisaidia kuchota. Tuseme mara moja au mbili.

Mbele ya nyumba, katikati ya mto, kulikuwa na kisiwa kirefu na chembamba. Kiangazi maji yakipungua, kisiwa kilinenepa. Kilitoa ufuko wa tope jeusi, laini kama uji wa mgonjwa, na ndani ya tope lile wanawake walipanda mpunga, maharagwe na karanga, wakavuna kabla maji hayajapanda tena. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Labda ndiyo sababu walifanya vizuri.

Ni lazima nieleze kwa nini kisiwa kilikuwa na thamani, maana bara ardhi haikukosekana. Bara ardhi ilikuwa na pamba. Leta ilimtuma kijana mmoja tuliyemwita moniteri, mwenye kamba ya kupimia, naye alimpimia kila mtu kipande chake cha pamba, kizuri kwanza, kibaya baadaye. Pamba hailiwi. Mama mkwe wangu, mjane, alikuwa na shamba moja tu la marehemu mume wake, na shamba hilo lilikuwa limevaa pamba mpaka kizingitini mwa nyumba. Chakula chake chote cha mwaka kilitoka kisiwani. Moniteri hakufika huko, kwa sababu aliogopa maji. Ili nisimwonee, niseme kwamba alikuwa na viatu vizuri, na mtumbwi hauheshimu viatu.

Wanyama walikuwapo, tena wengi. Kulikuwa na familia ya viboko waliolala mchana kwenye maji ya upande wa machweo, pua tu juu, wakipumua kama wazee baada ya kula. Kwenye ncha ya juu kulikuwa na mti mkubwa uliojaa popo, wakining'inia kama mashuka ya hospitali yaliyosahauliwa kwenye kamba. Kwenye matete walikaa ndege wadogo wa njano wanaofuma viota, na kelele zao zilikuwa za soko lisilofungwa. Kwenye mchanga wa ncha ya chini alilala mamba mmoja mnene ambaye wanawake walimwita Mpokea Kodi, kwa sababu siku zote alikaa kinywa wazi, akingoja. Kulikuwa na kenge, na ngedere waliovuka sijui kwa njia gani, na asubuhi kasuku walipita juu kwenda bara kula ngazi, yale matunda ya mchikichi, na jioni walirudi wakisimulia.

Mtu wa mbali akisoma atasema uzuri ulioje. Sisi tulisema wezi wamerudi. Kiboko mmoja kwa usiku mmoja hula mpunga wa mama mmoja, na anachobakiza anakikanyaga. Mama mkwe aliwajua kwa tabia, kama mtu anavyowajua majirani wabaya.

Basi siku moja ya soko alikuja Bwana Mkubwa, mzungu aliyetawala teritware yetu, yaani wilaya nzima, kutoka Kasongo. Alipanda juu ya sanduku akatangaza. Mkubwa mmoja wa Leta, mkubwa kuliko yeye, anakuja na bibi yake kwa konje. Atalala katika nyumba ya wageni, na atakwenda kutembea kisiwani. Akikipenda, Leta itakichukua kisiwa kiwe mahali pa wakubwa kupumzikia: hakuna jembe, hakuna wavu, hakuna moshi. Watu wakapiga makofi, kwa sababu polisi alikuwa ameanza kupiga.

Njiani kurudi, mama mkwe aliniuliza konje ni nini.

"Ni mapumziko, mama. Mzungu analipwa ili asifanye kazi."

"Na lazima atoke kwake?"

"Anakwenda mbali."

"Mbali, kutofanya kazi." Alitembea kidogo. "Kwani kwao hakuna mahali pa kukaa bure, mpaka waje kwenye mpunga wangu?"

Swali hilo nalifikiri hata leo.

Bwana Mkubwa kabla ya kuondoka alimgeukia kapita wetu, msimamizi wa kazi zote za Leta katika mji, akamwambia neno moja tu: "Kapita, nataka kisiwa iwe tayari." Akapanda gari, vumbi likamfunika, na maelezo yakaishia hapo.

Sasa, kapita huyo. Watu wengi walimchukia, nami nilimchukia kwa zamu, lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mwislamu mwenye kofia safi, akipenda mambo yaliyonyooka. Alitaka sana kuvaa medali kifuani kama watemi, na alikuwa na haki ya kuitaka, maana alifanya kazi kuliko watemi wawili. Mwaka uliopita alikuwa amelala boloko, yaani gerezani, kwa sababu ya majani. Bwana Mkubwa alipita bila taarifa, akazunguka nyuma ya choo cha kapita, akakuta majani yamemfika gotini. Kapita alifungwa kwa majani yale. Tangu hapo hakuweza kuona jani limesimama bila kuliinamia.

Na sisi sote tulielewa hivyo. Mzungu akija, majani yanaondoka: hiyo ndiyo sala ya kwanza tuliyofundishwa, kabla hata ya Baba Yetu. Njia zinapaliliwa mpaka udongo uonekane, ua unafagiwa mpaka kuku aone haya kuutembelea, na mawe yanapakwa pemba, ule udongo mweupe, pande mbili za njia. Mgeni wa kawaida alipata hayo. Mgeni mkubwa wa namna hii alistahili kisiwa kizima.

Kapita aliwatoa wanaume wote. Walianza ncha ya juu wakaenda wakishuka, wakiparua. Mpunga waliuacha, kwa sababu mpunga si uchafu, na pia kwa sababu mke wa kapita alikuwa na kipande chake humo. Kisiwani hapakuwa na mawe hata moja. Kapita akaagiza mawe yavushwe kutoka bara, mitumbwi ikazama nusu kwa mawe, yakapangwa mistari miwili kutoka majini mpaka majini, yakapakwa pemba. Alichimba na choo, akakiwekea mlango wa matete, akaupaka mlango pemba.

Wanawake walipoona hivyo waliogopa. Kisiwa kikipendeza namna hii, mgeni atakosaje kukipenda? Mama mkwe akaanza vita yake. Alivuka na kikapu cha muhogo, akakaa katikati ya njia mpya, akamenya.

"Mama, unafanya nini pale?" kapita aliuliza.

"Nakula muhogo."

"Maganda unatupa mu njia ya mugeni!"

"Mugeni akija atayaokota. Si iko konje? Hana kazi."

Wanaume walicheka, kapita akaokota maganda mwenyewe. Alipofika mwisho wa njia, mama mkwe alikuwa amekwisha kumenya mengine. Ilikuwa hivyo mpaka jua likasimama utosini, na sijui nani alichoka zaidi. Nilimhurumia kapita. Nilimhurumia na mama mkwe. Huruma yangu haikumsaidia hata mmoja.

Kesho yake Bwana Mkubwa alikuja kuangalia vitanda. Nilikuwa nyuma ya mlango nikipanguza bilauri, naye aliongea na mume wangu kwa Kiswahili cha wazungu, ambacho ni cha kuamuru, hata wakikusifu.

"Nyumba muzuri. Lakini Madamu hapana kuja kwa nyumba. Madamu napenda nyama ya pori."

"Nitamwambia mpishi, Bwana."

"Hapana ya kula! Ya kuangalia. Kiboko. Mamba. Popo mingi mingi. Ndege. Majani murefu. Pori ya kweli. Mimi nimeambia Madamu, kisiwa yangu ni bustani ya Adamu mbele ya Eva hajaanza kulima."

"Ya kuangalia," mume wangu alisema, kama mtu anayeonja dawa.

"Ya kuangalia! Kapita natayarisha vizuri?"

"Anatayarisha sana, Bwana."

Na hilo lilikuwa kweli. Bwana Mkubwa hakuvuka kwenda kuangalia. Alikuwa na kesi Kasongo, na kwa haki yake niseme kwamba watu walimngoja tangu asubuhi.

Alipoondoka nilimwambia mume wangu, "Umesikia?"

"Nimesikia vitanda."

"Na wanyama?"

"Ya wanyama sikusikia. Na wewe ulikuwa na bilauri, bilauri zinapiga kelele." Kisha akashusha sauti. "Mama wa watoto, ule mupunga ni wa mama yangu. Acha kapita afagie."

Nilimwambia mama mkwe. Sioni kwamba nilipaswa kumficha, maana mpunga ulikuwa wake. Aliuliza tena, kama mtu anayehesabu mbegu: wanataka viboko? Wanataka popo? Wanataka majani? Wakivipata, kisiwa kinaondoka? Nikasema ndivyo nilivyosikia, ingawa nilikuwa nyuma ya mlango.

Akanyanyuka. "Nipe ufagio."

Kesho yake wanaume walipovuka walikuta wanawake wote wamewatangulia. Mama mkwe alifagia mchanga wanapopandia viboko usiku, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufagia. Walileta ngoma, masufuria, madebe ya zamani ya mafuta. Mama mkwe mwenyewe alimwambia kapita kwamba popo watamnyea mgeni kofiani, na kwamba aibu hiyo itaandikwa jina la mji wetu. Kapita alishukuru mpaka macho yakawa maji. Mti ukaanguka mchana, na popo waliinuka wote pamoja, mbingu ikawa nyeusi, wakazunguka, wakazunguka, wakaenda. Matete yakachomwa, ndege wa njano wakatawanyika na viota vyao vikabaki vinawaka kimoja kimoja. Mpokea Kodi aliambiwa aondoke kwa mienge mirefu. Alifunga kinywa, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kuliona, akaingia majini bila haraka.

Viboko walikuwa wa mwisho. Wanawake walipiga madebe upande wa machweo mpaka mikono ikavimba. Walitoka wakiwa mstari, wakipinga maji, na mmoja wao alibeba mtoto mgongoni, mtoto amekaa kama mtu anayesafirishwa kwa machela. Niliacha kupiga debe langu. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaangalia viboko bila kuwatukana, na nikafikiri, labda Madamu si mjinga. Kisha nikakumbuka mpunga, nikapiga tena. Nilipiga kidogo.

Jambo hili halikunipa raha. Kapita alikuwa anajichimbia shimo kwa juhudi, nasi tulikuwa tunampa majembe. Nikaona ni haki aambiwe, hata kama mama mkwe atanifukuza jikoni. Nilimkuta akipaka pemba jiwe la mwisho kwa mkono wake mwenyewe.

"Jambo, kapita."

"Jambo, mama. Angalia, linang'aa?"

"Linang'aa. Kapita, iko neno. Nimesikia Bwana Mukubwa kwa masikio yangu. Madamu anataka kuona wanyama. Na majani. Anataka pori."

Alinitazama kwa upole. "Wewe umesoma, hapana?"

"Kidogo."

"Ndiyo maana. Mama, mimi nimelala boloko juu ya majani. Si majani ya barabarani. Ya nyuma ya choo, mahali hata mbuzi yangu haifiki. Bwana alipima na goti yake. Sasa unaniambia muzungu mukubwa kuliko ule anatoka mbali kuja kuangalia majani?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Na kiboko? Ile kiboko ya mwaka jana ilipindua mtumbwi ya Leta, wakaipiga risasi, Bwana akachukua meno. Leo anamuleta Madamu kuipa jambo?"

"Sijui kama ni kuipa jambo. Ni kuangalia tu."

Akacheka mpaka pemba ikamrukia kofia. "Angalia mama mukwe wako. Mama ya hasira ile! Anafagia tangu jana. Ule ameelewa. Wewe mwenye kusoma ndiye hujaelewa."

"Labda ungejiuliza, kapita, kwa nini anafagia."

Niliandika kwamba nilisema hivyo. Nilisema. Lakini sina hakika kama alisikia, kwa sababu alikuwa ameinama kuchovya kidole.

Mama mkwe alijua kabla sijafika nyumbani.

"Umeenda kwake?"

"Nimeenda, mama."

"Umemwambia yote?"

"Yote. Hakusadiki."

Aliinua mikono. "Mungu ni mwema. Amekupa mdomo wa kweli na sura ya mwongo."

Alinipa chakula hata hivyo, lakini kipande cha samaki kilikuwa cha mkiani.

Siku yenyewe ikafika. Kwa watu wa mto, mtumbwi wa mkubwa hauendi kimya. Mtumbwi usioimba ni wa maiti au wa mwizi. Kwa hiyo wapiga kasia waliimba kwa nguvu zote, na ngoma ilikaa mbele kabisa, na bara watu walijibu. Kama kulikuwa na kunguru mmoja aliyesahauliwa kisiwani, alipata taarifa ya kutosha.

Nilivuka nao kubeba vikapu vya chakula. Mgeni alikuwa mzee mrefu mwenye haya, aliyetuamkia mmoja mmoja, hata wapiga kasia, na hilo sikulitegemea. Madamu alikuwa na kofia pana na darubini kubwa shingoni. Bwana Mkubwa alikuwa na furaha mpaka tulipokaribia. Hapo niliona furaha ikimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi wenye ufa.

Kisiwa kiling'aa. Sijawahi kuona mahali safi namna ile, hata kanisa siku ya Pasaka. Udongo ulikuwa mtupu kutoka ncha hadi ncha, na mistari miwili ya mawe meupe ilikwenda, ikafika majini, ikaisha. Mwanzoni mwa njia alisimama kapita, kanzu nyeupe, mkono kwenye kofia kama askari.

Madamu alitazama huku na huku kwa darubini, akauliza kitu. Bwana Mkubwa akatafsiri kwa sauti ndogo.

"Kapita. Kiboko iko wapi?"

"Hakuna, Bwana!"

"Hakuna?"

"Hata mmoja! Tumefukuza wote!"

"Mamba?"

"Hakuna! Amekwenda na moto!"

"Popo," Bwana Mkubwa alisema. Halikuwa swali tena.

"Tumekata muti, Bwana!" Na kwa kila jibu alizidi kunyooka, mpaka nilidhani atainuka kutoka ardhini. Nilitazama miguu yangu. Wapiga kasia walitazama mto. Bwana Mkubwa alifungua kinywa, akakifunga, kwa sababu mgeni wake alikuwa akimshika kapita mkono na kumpongeza. Mzee yule alidhani hivyo ndivyo kisiwa kinavyokaa.

Jua lilikuwa kali na walitaka kula. Kivuli cha mti kilikuwa kimekatwa pamoja na mti. Kisiwa kizima kilikuwa na kivuli kimoja tu, cha dungu la mama mkwe, lile jukwaa la miti ambalo juu yake mtu hukaa kulinda mpunga. Meza ikawekwa chini ya dungu. Mama mkwe alikuwa juu, na hakushuka, kwa sababu ndege wachache walikuwa wameanza kurudi na mpunga ulikuwa unaiva. Kila walipotua alivuta kamba yenye madebe, madebe yakalia, dungu likatikisika, na vumbi na makapi vikashuka taratibu ndani ya supu ya Leta.

"Mama, ngoja kidogo!" polisi aliyefuatana na wageni alimwita.

"Waambie ndege wangoje."

Madamu alitoka kwenye meza, akaenda mbali kidogo, akamwelekezea darubini. Alimwangalia muda mrefu, kama alivyokuja kuangalia viboko. Mama mkwe naye aliona anaangaliwa kwa mirija miwili. Akaacha kamba, akakunja mikono yake yote miwili iwe mirija, akaiweka machoni, akamwangalia Madamu. Walikaa hivyo. Kisha Madamu akacheka, cheko la mtu mzima, na mama mkwe akacheka, na ndege wakala mpunga.

Mgeni aliuliza kitu, akionyesha mashamba. Bwana Mkubwa alijibu akifagia hewa kwa mkono, na ule mkono niliuelewa bila Kifaransa: haya yote yataondoka. Madamu akasema maneno machache huku akipangusa makapi kwenye kofia. Nilimvuta polisi, aliyejua lugha yao, nikamwuliza amesema nini.

"Anasema, mukiondoa huyu mama, hapa hakuna kitu ya kuangalia hata moja."

"Na mgeni?"

"Anasema mwaka kesho atajaribu ziwa."

Sijui kama polisi alitafsiri sawa. Alikuwa ameahidiwa mchele na wanawake wa kisiwani. Lakini kesho yake mgeni na Madamu walishika njia ya Kabambare kwenda ziwani, tena kabla ya siku zao kuisha, na Bwana Mkubwa hakutaja tena kisiwa, si sokoni, si mahali pengine. Ukimtajia mtu kisiwa mbele yake, alikuwa na kazi ghafla.

Alikuwa ametaja jambo moja tu kabla ya kurudi Kasongo. Kapita alipelekwa boloko.

Mpunga ulivunwa. Kwa watu wa mume wangu, chungu cha kwanza cha mchele mpya ni cha mkubwa wa ukoo, na hakuna anayeonja kabla yake. Mkubwa wa ukoo mwaka ule alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mzee aliyekwisha kunawa mikono. Mama mkwe alifunga chungu kwa majani ya mgomba, akakiweka kichwani kwangu.

"Kinaenda wapi?" mzee aliuliza.

"Kasongo. Boloko."

"Mchele wa kwanza unaenda kwa mufungwa?"

"Shemeji, yule mutu asingefunga safari ya boloko, wewe leo ungetafuna pamba. Ngoja chungu cha pili."

Mzee alikasirika, na kwa desturi alikuwa na haki. Nilimwambia hivyo. Haikumsaidia.

Tulimkuta kapita nje, kwenye uwanja wa ofisi ya Leta, panga mkononi, anakata majani. Ndiyo adhabu waliyompa. Polisi wa zamu alimruhusu akae kivulini, naye alikula akichagua mchele kwa vidole kama mtu anayetafuta kosa.

"Iko na mawe," alisema.

"Yako mengi kisiwani," mama mkwe alisema. "Uliyaleta wewe."

Akala tena. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Viboko?"

"Wamerudi. Wamenilia upande wa chini wote, kabla sijavuna."

"Wote?"

"Wote."

"Nikitoka nitawafukuza, mama. Na ngoma. Na moto."

Mama mkwe alimmiminia maji. "Polepole, baba. Ngoja kwanza watangaze mugeni mwingine."

Sikujua kama alielewa. Alinikabidhi chungu, akaniangalia mimi, si mama mkwe, muda kidogo. Alinyanyuka, akashika panga. Alitazama majani aliyokata, na yale yaliyobaki mpaka ukutani. Halafu akamwuliza polisi kama Bwana Mkubwa anataka kweli yakatwe, au anataka yaachwe.

Polisi alifikiri. Akamwambia angoje kwanza, akaenda kuuliza.